Kichwa na Kiwiliwili: Sarufi ya Kuingiza Data za Miamba Katika Kompyuta



1.0 Utangulizi

Ninawashukuru waandaaji wa mhadhara huu kwa heshima waliyonipa ya kuzungumza mbele yenu. Yamkini baadhi yenu mlipoiona mada ya leo mlijiuliza mwanaisimu ana lipi la kusema kuhusu miamba na kompyuta. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu mapema. Kila data zinapotoka katika chombo na kuingia katika kompyuta, pana jambo la kusomwa. Na palipo na jambo la kusomwa pana mpangilio, pana alama, na pana makubaliano juu ya maana ya alama hizo. Hayo matatu ndiyo riziki ya mwanaisimu.

Madhumuni ya mhadhara huu ni mawili. Kwanza, ni kueleza kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, namna data za haipaspektra za miamba zinavyoingizwa katika kompyuta kwa kutumia maktaba huria ya lugha ya Python iitwayo Spectral Python, au kwa kifupi SPy, iliyoandikwa na Thomas Boggs. Pili, ni kuonyesha kwamba kazi hiyo, inayodhaniwa kuwa ya mafundi peke yao, ni kazi ya sarufi.

Hoja yangu kuu ni hii: istilahi za uwanja huu haziwezi kuundwa neno moja moja, kama mtu aokotaye kuni njiani. Hazina budi kuundwa kama mfumo, kwa kuwa faili lenyewe ni mfumo. Tukikosea neno katika insha, msomaji mwerevu hutusahihisha kwa kutumia muktadha. Tukikosea neno katika maelezo ya data, mara nyingi kompyuta hailalamiki. Hutupa jibu, na jibu hilo huwa si kweli.

2.0 Rangi za Lugha na Rangi za Mwamba

Kabla ya kulifikia faili, inafaa tuelewe ni kitu gani kinachopimwa. Kwa karne nyingi mtaalamu wa madini alilitambua jiwe kwa jicho na kwa neno. Mwaka 1774 Abraham Gottlob Werner, ambaye baadaye alikuwa mwalimu mashuhuri katika chuo cha madini cha Freiberg, Ujerumani, alichapisha kitabu kuhusu sifa za nje za madini, na ndani yake alijitahidi kuyapanga majina ya rangi ili watu wawili wanapotaja rangi moja wawe na maana moja. Mwaka 1814 Patrick Syme wa Edinburgh aliupanua mpango huo kwa kitabu chenye vielelezo vya rangi, na Charles Darwin alikitumia katika safari yake ya merikebu ya Beagle. Kwa hiyo, wanajiolojia walikuwa wanaleksikografia tangu zamani, ijapokuwa hawakujiita hivyo.

Kwa upande wetu, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 ambazo Brent Berlin na Paul Kay walizichunguza katika utafiti wao wa majina ya rangi uliochapishwa mwaka 1969. Sote tunafahamu kwamba vivumishi halisi vya rangi katika lugha yetu, vile vinavyopokea viambishi vya ngeli, ni vitatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema jiwe jeupe, mwamba mweusi, udongo mwekundu. Rangi nyingine tunazipata kwa kuazima jina la kitu: rangi ya majivu, ya kijani, ya manjano, ya udongo, ya samawati. Huo si upungufu. Ni mbinu ya kuzalisha istilahi ambayo lugha imejichagulia yenyewe: ikikosa kivumishi, hutafuta kitu kinachojulikana na kukifanya kipimo. Mbinu hiyo tutaihitaji tena muda si mrefu.

Jicho, hata hivyo, lina mipaka ambayo neno haliwezi kuivuka. Kaolini na aluniti ni madini mawili yanayoweza kuwa meupe yote mawili. Jicho la binadamu huona mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban nanometa 400 hadi 700. Tofauti ya madini haya iko mbali zaidi, karibu na nanometa 2,200, mahali ambapo vifungo vya aluminiamu, oksijeni na hidrojeni ndani ya madini hufyonza mwanga. Kaolini hufanya mabonde mawili yaliyokaribiana katika mchoro wa spektra, moja karibu na nanometa 2,160 na jingine karibu na 2,200. Bonde kuu la aluniti katika eneo hilo liko karibu na nanometa 2,170.

Tofauti hii si ya kujifurahisha. Aluniti huweza kutokea pale ambapo maji ya moto yenye asidi yameugeuza mwamba, na miamba iliyogeuzwa namna hiyo wakati mwingine huandamana na dhahabu au shaba. Kaolini huweza kutokea kwa njia hiyo pia, lakini vilevile hutokea kwa kuoza tu kwa mwamba kutokana na hali ya hewa, na matumizi yake ni katika vyombo vya kauri na karatasi. Wakazi wa Dar es Salaam wanaifahamu kaolini ya vilima vya Pugu. Anayeyachanganya madini haya mawili katika ramani anaweza kumpeleka mchimbaji mahali pasipo na kitu.

Ndiyo maana vikaundwa vyombo vya haipaspektra, yaani vyombo vinavyopiga picha ambayo kila pikseli yake ina vipimo vya mwanga katika mikanda mingi myembamba iliyofuatana bila kuachana. Chombo cha Marekani kiitwacho AVIRIS, kilichobebwa na ndege, kilipima mikanda 224 kati ya takriban nanometa 400 na 2,500, kila mkanda ukiwa na upana wa karibu nanometa 10. Eneo la Cuprite katika jimbo la Nevada, ambalo lina aluniti na kaolini kwa wingi na mimea michache, limekuwa uwanja wa kuvijaribia vyombo hivyo tangu miaka ya 1980. Nitalitumia kama mfano wetu. Tangu Julai 2022 kimekuwapo pia chombo kiitwacho EMIT, kilichopelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga ili kupima madini ya maeneo makavu ya dunia kwa mikanda 285. Data zake hutolewa kwa umma. Maana yake ni kwamba mwanafunzi mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuzipata data za haipaspektra bila kumiliki ndege wala setilaiti. Kinachobaki ni kujua kuzisoma.

3.0 Kichwa na Kiwiliwili

Mtindo mmoja wa kuhifadhi data hizi uliotumika sana ni ule uitwao ENVI. Katika mtindo huu, picha moja huwa na mafaili mawili. Faili la kwanza ni dogo, nalo ni maandishi ya kawaida ambayo mtu anaweza kuyasoma. Faili la pili ni kubwa, nalo ni mfululizo wa namba tupu uliofungwa katika baiti, bila nafasi, bila nukta, bila neno hata moja.

Faili la kwanza ninapendekeza tuliite faili la kichwa. Ninafahamu kwamba istilahi kijajuu imekwisha kuzoeleka katika tafsiri za programu za kuandikia, pamoja na mwenzake kijachini. Lakini kijajuu ni maandishi yakaayo juu ya ukurasa uleule. Hapa tuna faili linalojitegemea, lililo kando ya mwenzake, ambalo bila hilo mwenzake hafahamiki. Kiswahili kina neno linalofaa kabisa kwa huyo mwenzake: kiwiliwili, yaani mwili usiohesabiwa kichwa. Tukisema kichwa na kiwiliwili, mwanafunzi anaelewa papo hapo kwamba vitu hivi ni viwili, ni vya mwili mmoja, na kwamba kiwiliwili peke yake hakimtambulishi mtu.

Ndani ya kichwa mna mistari michache. Mmoja unaanza na neno "samples", nao unasema picha ina safu ngapi za kwenda chini. Wa pili unaanza na "lines", nao unasema ina mistari mingapi. Wa tatu, "bands", unataja idadi ya mikanda. Halafu kuna "data type", inayosema kila namba ni ya aina gani. "Interleave", inayosema namba zimepangwaje. "Byte order", inayosema baiti ipi inatangulia. "Header offset", inayosema baiti ngapi zirukwe kabla ya namba ya kwanza. Na "wavelength", inayoorodhesha urefu wa wimbi wa kila mkanda.

Tuchukue picha moja ya AVIRIS yenye vipimo vya kawaida vya miaka ya awali: safu 614, mistari 512, mikanda 224. Tukizidisha 614 kwa 512 tunapata pikseli 314,368. Tukizidisha tena kwa 224 tunapata namba 70,418,432. Ikiwa kila namba imehifadhiwa katika baiti mbili, kiwiliwili kinapaswa kuwa na baiti 140,836,864 kamili. Hapa mwanafunzi anapata kipimo chake cha kwanza cha ukweli. Kabla ya kuiagiza programu ifanye lolote, na azidishe, kisha alinganishe na ukubwa wa faili alilonalo. Zikipishana, ama kichwa si cha kiwiliwili hiki, ama faili halikupakuliwa lote, ama pana baiti za kurukwa mwanzoni ambazo hazikutajwa.

Sasa tuje kwenye SPy. Mtumiaji huanza kwa kuileta maktaba katika programu yake, kisha hulitaja faili la kichwa ili lifunguliwe. Katika hatua hii ya kufungua, SPy husoma kichwa tu. Haikigusi kiwiliwili ila pale mtumiaji anapouliza mkanda fulani au pikseli fulani. Akitaka picha nzima iingie katika kumbukumbu ya kompyuta, hutoa agizo la pili, la kupakia. Agizo hilo kwa kawaida huzigeuza namba ziwe za desimali zenye biti 32, yaani baiti 4 kila moja. Kwa hiyo picha yetu ya baiti milioni 140 inakuwa ya baiti 281,673,728. Mwenye kompyuta ndogo asishangae ikimlemea. Si chombo kibovu. Ni vitenzi viwili, kufungua na kupakia, ambavyo havina maana moja.

4.0 Mpangilio wa Maneno, Mpangilio wa Namba

Nimefika kwenye kiini cha mhadhara. Wanafunzi wa sarufi mnajua kwamba katika Kiswahili tunaweza kusema "Mtoto amekisoma kitabu", na pia "Kitabu amekisoma mtoto". Mpangilio umebadilika, msisitizo umebadilika, lakini hakuna anayedhani kwamba kitabu ndicho kilichomsoma mtoto. Kinachotulinda ni upatanisho wa kisarufi: kiambishi a- kinamrejelea mtoto, kiambishi -ki- kinakirejelea kitabu. Kila neno limebeba kitambulisho chake.

Namba katika kiwiliwili hazina upatanisho. Namba 2,500 haisemi kama ni ya mkanda wa 30 au wa 200, wala kama ni ya pikseli ya kaskazini au ya kusini. Hazina ngeli, hazina kiambishi, hazina hata nafasi ya kupumulia. Zina kitu kimoja tu: zamu. Maana ya kila namba ni mahali inapokaa katika foleni. Kwa hiyo lazima ijulikane foleni imepangwa kwa kanuni ipi, na hiyo ndiyo kazi ya mstari wa "interleave".

Kanuni ni tatu. Tumfikirie mwalimu mwenye alama za wanafunzi 40 katika masomo matatu. Anaweza kuandika alama zote za somo la kwanza, kisha zote za somo la pili, kisha zote za la tatu. Anaweza pia kuandika alama zote tatu za mwanafunzi wa kwanza, kisha zote tatu za wa pili, na kuendelea. Au anaweza kwenda dawati kwa dawati: wanafunzi wa dawati la kwanza katika somo la kwanza, haohao katika somo la pili, haohao katika la tatu, ndipo aende dawati la pili. Alama ni zilezile 120. Mpangilio ndio uliotofautiana.

Katika faili la picha, mpangilio wa kwanza huandikwa BSQ: picha nzima ya mkanda mmoja, kisha ya mkanda wa pili. Mpangilio wa wanafunzi mmoja mmoja huandikwa BIP: mikanda yote ya pikseli moja, kisha ya pikseli inayofuata. Ule wa dawati kwa dawati huandikwa BIL: mstari mmoja wa picha katika mikanda yote, kisha mstari unaofuata. Kiswahili kinayaeleza haya kwa muundo wake wa kawaida kabisa: mkanda kwa mkanda, pikseli kwa pikseli, mstari kwa mstari. Sioni sababu ya kutafuta istilahi nyingine.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ukubwa wa faili ni uleule katika mipangilio yote mitatu. Kichwa kikidai BSQ ilhali kiwiliwili ni BIL, kile kipimo cha kuzidisha hakitagundua kosa. SPy itaifungua picha bila manung'uniko. Hapa jicho linarudi kazini: picha itatokea imechanikachanika, haina mlima wala bonde linalotambulika. Mwanafunzi ambaye hajafundishwa kwamba zamu ndiyo maana atadhani data zimeharibika, azitupe. Kumbe sentensi ni nzima, ila imesomwa kwa sarufi ya lugha nyingine.

5.0 Baiti Ipi Itangulie?

Suala la zamu linashuka hata ndani ya namba moja. Sisi tunasema ishirini na tano: kubwa kwanza, dogo baadaye. Mwarabu husema tano na ishirini. Inapendeza kuona kwamba neno ishirini tulilichukua kutoka Kiarabu, lakini hatukuchukua mpangilio wake. Tuliliingiza neno katika sarufi yetu wenyewe. Wajerumani nao husema tano na ishirini hadi leo. Hakuna aliyekosea, ili mradi msikilizaji ajue anazungumza na nani.

Kompyuta nazo zina ugomvi huohuo. Namba ya baiti mbili inaweza kuhifadhiwa baiti kubwa ikitangulia au baiti ndogo ikitangulia. Mwaka 1980 Danny Cohen aliupa ugomvi huo jina kwa mzaha, akilitoa katika riwaya ya Jonathan Swift ya mwaka 1726, ambamo watu hupigana vita kwa sababu ya ncha ipi ya yai ivunjwe kwanza. Ninapendekeza tuseme kwa uwazi: kubwa-mbele na ndogo-mbele.

Athari yake ni hii. Tuseme uakisi wa pikseli fulani ni asilimia 25, nao umehifadhiwa kama 2,500 baada ya kuzidishwa kwa 10,000. Baiti zake mbili ni 9 na 196, kwa kuwa 9 mara 256 ukijumlisha 196 ni 2,500. Zikisomwa kinyume, yaani 196 mara 256 ukijumlisha 9, tunapata 50,185. Na ikiwa aina ya namba inaruhusu hasi, kompyuta itasoma hasi 15,351. Mwamba uliokuwa ukiakisi robo ya mwanga sasa unaakisi mwanga hasi, jambo lisilowezekana katika maumbile. Namba hazikubadilika hata moja. Msomaji ndiye aliyebadilika.

Kuna kosa jingine dogo zaidi na la hatari zaidi, kwa kuwa halionekani. Python huhesabu kuanzia 0. Mkanda ambao orodha ya chombo inauita namba 1, Python inauita 0. Lugha yetu inatupa msaada hapa, lakini msaada huo una mwisho. Tukisema mkanda wa kwanza, hatujataja moja. Kwanza ni neno la jamii ya kuanza. Mkanda wa kwanza ni mkanda unaoanza, na hakuna mgongano tukisema nafasi yake ni 0. Lakini mkanda wa pili umebeba mbili ndani yake, na nafasi yake ni 1. Mgongano umezaliwa. Kwa hiyo tuweke kanuni: tunapoeleza kwa watu tuseme mkanda wa pili, na tunapoiagiza kompyuta tuseme mkanda ulio nafasi ya 1, tusichanganye kamwe maneno wa pili na nafasi ya.

Je, kosa la mkanda mmoja lina uzito gani? Kumbukeni kwamba kila mkanda wa AVIRIS una upana wa karibu nanometa 10. Bonde la kwanza la kaolini liko karibu na 2,160. Bonde la aluniti liko karibu na 2,170. Tofauti ni mkanda mmoja. Mtu anayetegemea namba ya mkanda bila kutazama orodha ya urefu wa wimbi wala umbo zima la spektra anaweza kuyabadilisha madini hayo kwa kukosea kuhesabu kwa moja. Picha itakuwa nzuri, ramani itakuwa na rangi za kupendeza, na hakuna mashine itakayopiga kelele.

6.0 Istilahi Kama Mfumo

Kutokana na hayo, nitapitia istilahi chache zinazohitaji uamuzi wetu.

La kwanza ni sampuli. Kwa mwanajiolojia, sampuli ni kipande cha mwamba alichokibanja kwa nyundo. Mfasiri wa haraka akikutana na "samples = 614" ataandika sampuli 614, na msomaji wake atadhani watu walirudi kutoka Nevada na magunia ya mawe. Neno la Kiingereza lina maana mbili, na si wajibu wetu kuurithi utata huo. Katika kichwa cha faili, neno hilo tuliite safu, na sampuli libaki kwa mawe.

La pili ni mkanda. Bendi tayari ni kikundi cha muziki. Ukanda ni eneo la kijiografia, kama ukanda wa pwani, na wingi wake ni kanda. Mkanda, wingi mikanda, ni kitu chembamba na kirefu, na ndicho tunachokitaka. Hapa kiambishi peke yake kinabeba tofauti ya taaluma mbili. Tunaweza kuandika "mikanda 224 ya kanda mbili za milima" na maana isipotee. Lakini mwandishi akilegeza kiambishi, akaandika kanda kwa maana ya mikanda, ujenzi wote unaanguka. Wahariri, huu ni wito kwenu.

La tatu ni kuingiza. Kwa Kiingereza, neno moja linatumika kwa kuileta maktaba ndani ya programu na kwa kuingiza data ndani ya maktaba. Sisi tunaweza kutofautisha: maktaba tunaileta, faili tunalifungua, picha tunaipakia katika kumbukumbu, na kazi nzima tunaiita kuingiza data. Vitenzi hivi vinne vipo, vinajulikana bandarini na nyumbani, na pakia ina mwenzake pakua, aliyekwisha kukubalika kwa kuteremsha faili kutoka intaneti. Kiambishi cha utenguzi kimefanya kazi ambayo lugha nyingine hufanya kwa maneno mawili yasiyofanana.

La nne ni jozi ya mng'ao na uakisi. Chombo kikiwa angani hupima mwanga unaokifikia, ambao umechanganyika na athari za jua na hewa. Huo ninauita mng'ao. Baada ya masahihisho tunapata sehemu ya mwanga ambayo mwamba wenyewe umeirudisha. Huo ni uakisi, kutokana na kitenzi akisi. Mng'ao ni wa siku ile na saa ile. Uakisi ni wa mwamba. Spektra za maktaba za madini huandikwa kwa uakisi, kwa hiyo anayelinganisha mng'ao na spektra hizo analinganisha vitu viwili visivyo vya ngeli moja. Na hata baada ya masahihisho, mikanda iliyo karibu na nanometa 1,400 na 1,900 huachwa, kwa kuwa mvuke wa maji angani hufyonza mwanga huko hadi kisibaki cha kupimwa.

Wapo watakaosema: mbona tusiache Kiingereza kitawale humu, maana programu yenyewe inakitaka? Hoja hii ina ukweli nusu. Maneno yaliyomo katika faili la kichwa yasitafsiriwe. Mtu akifuta "lines" na kuandika mistari, SPy italikataa faili, kwa kuwa inalitafuta neno lile kwa herufi zake. Maneno yale ni funguo, na ufunguo hautafsiriwi. Lakini maelezo ya kila ufunguo unafungua mlango upi ni jambo jingine, na hayo mwanafunzi ana haki ya kuyapata kwa lugha anayoifikiria. Njia hii si ngeni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice, na istilahi programu huria ikapata wenyewe. Programu huria inaruhusu kusomwa, kubadilishwa na kuandikiwa mwongozo na yeyote. Hatuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Tunahitaji kukubaliana.

Na kukubaliana ndiko kunakotushinda. Maneno kompyuta, tarakilishi na ngamizi yamewahi kushindania kiti kimoja, na kila moja lilikuwa na watetezi wake. Katika mazungumzo ya kawaida ushindani huo haudhuru. Katika mwongozo wa kusoma namba milioni 70 zisizo na upatanisho, ushindani wa safu na sampuli, au wa mikanda na kanda, ni ushindani wa kweli na uongo.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba faili la data za miamba lina sarufi: lina kichwa kinachotangaza kanuni, lina kiwiliwili kinachozitii, na lina mipangilio kadhaa inayowezekana ya viungo vilevile. Nimeonyesha pia kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuyaeleza haya, na mahali pengine kinatofautisha pale ambapo lugha iliyotuletea programu haitofautishi.

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, idara za isimu na za jiolojia zikae pamoja kuandaa mwongozo mmoja mfupi wa kuingiza data, badala ya orodha ndefu ya istilahi zisizo na sentensi. Istilahi hujulikana uzima wake ndani ya sentensi. Pili, kila istilahi ipimwe pamoja na jirani zake. Tusipitishe mkanda kabla ya kuutazama ukanda. Tatu, wanafunzi wa isimu wafundishwe kufungua faili la aina hii angalau mara moja. Hawatakuwa wanajiolojia, lakini watauona upatanisho wa kisarufi kwa macho mapya baada ya kukutana na namba zisizokuwa nao.

Mwanafunzi atakayekaa mbele ya data hizo bila mwalimu kando yake hataulizwa na kompyuta kama ameelewa. Atapewa ramani tu. Kama ramani hiyo itakuwa ya kweli, inategemea maneno tuliyompa kabla hajaketi.